Alama za Chaki Msituni Kakamega

Baba,

Leo nimefuta ubao darasani, nikatazama kiganja changu, nikashindwa kuendelea na somo. Nikawaambia watoto wachore mti wowote wanaoupenda, kisha nikatoka nje nikasimama kando ya bomba la maji. Miezi mitano tangu tukuzike, na bado chaki inanifanyia hivyo. Kuna jambo sikukuambia, Baba. Nimelibeba tangu nikiwa na miaka tisa.

Kwanza nikupe habari za nyumbani. Mama hajambo, ingawa chai anapika ya watu wawili kisha anakasirikia sufuria. Mdogo wangu Akoth amekuwa mrefu kunipita na anajua hivyo. Randa yako anayo fundi mwenzako wa bandarini Kisumu, yule mwenye kikohozi, na anasema inamkataa mkono. Aproni yako nilikataa isitolewe. Imening'inia pale pale nyuma ya mlango, na ukipita bado inanuka mbao.

Sasa nirudi kwenye ile safari.

Ulikuwa mwaka wa pili au wa tatu baada ya uhuru. Ulipata likizo, na watu wote wa bandarini walijua likizo ni ya nini: unakwenda nyumbani Asembo, unaezeka nyumba ya mama yako, unalima, unarudi mjini umekonda. Wewe ukasema tunakwenda kuangalia msitu. Kuangalia tu! Mama Wanjiku wa dukani alituona na vikapu akashika kiuno. "Kwani huko msituni mko na nani? Ni matanga?" Ukamjibu kwa adabu kwamba huko hatuna mtu, tunakwenda kuamkia miti. Alicheka mpaka akaketi juu ya gunia la maharagwe. Mama yangu hakucheka. Kwake, kwenda mahali usipokuwa na ndugu wala msiba ilikuwa ni kutafuta mambo.

Lakini mimi nilikuelewa, hata na udogo wangu. Miaka yote mbao zilikufikia zikiwa zimelala, zimekatwa, zimepigwa mihuri. Ulizijua kwa harufu, ukiwa umefumba macho. Uliniambia siku moja ukichonga mlango wa meli kwamba unaona haya, kama mtu anayekula kwa watu kila siku na hajawahi kuwasalimu.

Tulipanga chumba sokoni Shinyalu, na asubuhi tukaingia.

Baba, sijui niandikeje. Nimezaliwa kando ya ziwa, na nilidhani ukubwa ni kitu kilicholala, kitu unachokiangalia mpaka macho yanaishia. Pale ukubwa ulikuwa umesimama. Niliinua kichwa kutafuta mwisho wa mti wa kwanza, nikarudi nyuma, nikakanyaga mguu wa Mama, na mwisho sikuuona. Mwanga ulikuwa wa kijani hata kwenye mikono yetu. Vipepeo walikaa kwenye tope kwa mamia, na Akoth alipopita waliinuka wote wakamzunguka, naye akasimama ameinua mikono, hathubutu kupumua. Hondohondo walipita juu na mbawa zao zikatoa sauti kama mtu anayepiga msumeno mbali. Ulikuwa unatabasamu peke yako.

Halafu ulifika kwenye ule mti mkubwa wenye magamba meusi. Uliweka pua kwenye gome. Ukakwangua kidogo kwa ukucha, ukanusa tena, ukavua kofia.

"Huyu namjua," ulisema. "Nimempiga randa miaka kumi na mbili. Leo ndio namwona amesimama."

Ulilia, Baba. Ulidhani hatukuona.

Ili tusipotee ulichora msalaba mdogo wa chaki kwenye kila mti wa njia panda, chaki ile ile ya kupimia mbao. Mama alikuuliza kwa nini usikate kwa kisu, alama idumu. Ukasema mti haujakukosea kitu. Tulikwenda hivyo mpaka jua likawa utosini, tukala viazi na samaki mkavu, na ukasema imetosha, tukirudi sasa tutawahi basi la kesho bila uchovu.

Hapo ndipo nilipokosa. Wewe ulikwenda mbele na mimi nilikuwa wa mwisho. Uliuona msalaba wa kwanza, ukakata kona, na nilipoufikia nikaupitishia kiganja. Sijui kwa nini. Ukafutika, na roho yangu ikaruka. Kila msalaba tulioupita niliufuta, na kwenye mto mdogo ulipokosea njia, ukarudi nyuma kuutafuta wa mwisho, haukuwapo. Sikutaka kupotea, Baba. Nilitaka tusitoke. Mtoto wa miaka tisa hajui kwamba hayo ni mamoja.

Ulipogundua kwamba alama hazipo, ulisimama ukazungusha chaki vidoleni. "Ni unyevu," ulisema. "Chaki imeyeyuka. Ni kosa langu." Mama alimbana Akoth kifuani akaanza kusali kwa Dholuo, haraka haraka. Ndipo ukatoa akili ya watu wa Kisumu. Ulisema tukae, saa nane upepo wa ziwa utaanza kupanda, tuuelekezee uso na utatutoa mpaka barabarani. Nani Kisumu hajui hivyo? Tukaketi juu ya mzizi, watu wanne, nyuso zimeinuliwa, tukingojea upepo.

Haukuja. Huko chini hata jani halikutikisika. Na kwa sababu tulinyamaza vile, msitu ukatusahau.

Kwanza walishuka mbega, weupe kwa weusi, mikia mirefu, wakiruka kutoka mti hadi mti juu ya vichwa vyetu, mama mmoja na kitoto cheupe pepepe tumboni. Kisha wakaja wale ndege wa buluu. Wakubwa kama majogoo, midomo ya njano na nyekundu, wakikimbia juu ya matawi kama watu waliochelewa kanisani. Nilihesabu saba. Mama aliacha kusali katikati ya neno. Aliweka mkono juu ya goti lako na hakuuondoa. Sijawahi tena kuwaona mmekaa hivyo. Nilijisikia mdogo kabisa, na kuwa mdogo kulikuwa kuzuri.

Halafu mvua, na nyuma ya mvua yule mama wa Kiluhya mwenye mzigo wa kuni kichwani. Ulipomweleza habari za upepo alicheka nusura kuni zimwanguke. "Yaani nyinyi watu ya ziwa! Upepo iko huko juu, nyani ndio wanakula. Sisi hapa chini tunapata mvua tu. Fuateni mimi."

Ulifumbua ngumi yangu, ukanishika mkono, ukanivusha mto.

Tulitoka salama, lakini Mama hakusahau. Kila Agosti ulimwita mama yangu kwa jina langu, ukasema, "Min Akinyi, twende hata siku moja," naye alisema hatampeleka mtoto wake tena mahali ambapo baba mtu alipotea mchana kweupe. Ndugu zako kule nyumbani walikuita Fundi Chaki. Ulicheka nao. Ulisimulia mwenyewe, ukijisema, jinsi unyevu ulivyokushinda. Mimi nilikuwa nakaa pale pale na kunywa uji wangu. Miaka ikaenda, kifua kikakubana, na hukuuona tena ule mti. Kwa ajili ya kiganja changu, Baba. Nimekaa na hilo hata kaburini kwako, nikashindwa kulitamka mbele ya watu.

Juzi nilimwambia Mama. Tulikuwa tunachambua omena. Nilisema yote, nikangojea anipige hata na ukubwa huu. Hakuinua macho.

"Baba yako alijua," alisema. "Aliniambia akiwa kitandani, wiki ile ya mwisho. Alipokushika mkono kwenye mto, kiganja chako kilikuwa cheupe."

Nikamuuliza kwa nini hukusema. Mama akatikisa ungo wa omena.

"Alisema, 'Ningesema, ungemchapa, na nyathina, mtoto wangu, angeuchukia msitu. Afadhali wanicheke mimi.'" Halafu akalia, kwa sababu naye alikuwa anafikiria zile Agosti zote.

Kumi na tatu, Baba. Ulibeba kosa langu miaka kumi na tatu, ukalichekea hadharani, ili mimi nibaki na ndege wa buluu.

Basi sikiliza. Shule zikifungwa wiki ijayo tunakwenda, mimi, Akoth na Mama. Ni yeye aliyesema, si mimi. Mama Wanjiku ameuliza tena kama ni matanga, na safari hii Mama amemjibu mwenyewe: "Tunakwenda kuamkia miti." Kwenye mfuko wa aproni yako nimekuta kipande cha chaki, kifupi kama kidole cha mtoto. Nitachora nacho misalaba njia nzima mpaka kwa yule unayemjua. Nitamwambia fundi wake amelala, na kwamba alimlilia. Na tukirudi, mimi nitatangulia, na misalaba yote nitaiacha. Ahadi.

Oriti, kwaheri, Baba. Mvua ndiyo itaifuta.

Mwanao,
Akinyi