Mtoto Aliyelia kwa Jicho Moja

Nyakunguru, Tarime
9 Agosti 1993

Kaka Nyamhanga mpendwa, shikamoo.

Basi ni wewe kweli, uko hai! Hamim muuza sabuni amerudi leo asubuhi kutoka machimbo ya Serengeti, akasema amekuona kwa macho yake, umejaa vumbi mpaka kwenye kope, unacheka, na ulimwuliza kama Efrazia ameolewa au bado anachagua. Nimeolewa, kaka! Hii ni wiki ya sita. Hujambo lakini? Kile kifua kimepona? Tulituma watu mara tatu wakutafute, kila mara wakaambiwa umehamia shimo jingine. Sisi sote ni wazima, na nikisema sote namhesabu na binti yako, ambaye ndiye sababu ya barua hii. Ila nivumilie kwanza nikuambie kuhusu mume wangu, nisiposema nitapasuka.

Anaitwa Filemoni. Anauza sururu, koleo na misumari hapa Nyakunguru, ni mrefu, mpole, akinitazama nasahau nilichokuwa nakifuata. Kila asubuhi ananiletea chai chumbani. Mama mkwe aliposikia akasema hajawahi kuona mwanamume wa Kikurya akimbebea mkewe kikombe, Filemoni akamjibu kwamba sasa ameona. Siku ya harusi nilivaa gauni jeupe la kuazima kutoka Tarime mjini, na hata vumbi la barabarani lilikuwa na adabu siku hiyo. Nilikulilia tu wewe.

Sasa mtoto. Ulimwacha ana wiki tano, anaitwa Neema. Jina hilo halikumaliza hata mwezi. Jicho lake la kushoto lilianza kutoa machozi, yeye mwenyewe ametulia, ananyonya, jicho linalia. Mama akasema mtoto analilia jina la wazee, tumempa la kanisani amelikataa. Akaitwa Waisiko, jina la bibi. Jicho likaendelea. Mama akasema bibi Waisiko alikuwa mkorofi, labda hata huko aliko hataki kurithiwa, akabadilisha tena, akaitwa Mokami. Wapi! Mkeo, wifi Wegesa, akasema basi tumwite Machozi, tupumzike.

Majirani nao wakasema ni vumbi, kwa kuwa wifi alikuwa akitwanga mawe ya dhahabu pale uani. Akaacha kutwanga wiki mbili nzima, uwanja akaumwagia maji asubuhi na jioni. Jicho likabaki vile vile. Tukapaka dawa ya tyubu ya zahanati, ikaisha, tukapewa nyingine, nayo ikaisha.

Na kinachoniuma, kaka, ni kwamba tulilisifu jicho lile! Lilikuwa limekua kuliko la kulia, kubwa, jeusi, kama la ndama. Wageni walisema binti huyu ataolewa kwa ng'ombe wengi, nami nikamtungia wimbo. Akitolewa juani alificha uso kifuani mwa mama yake, tukasema ana haya. Mtoto wa miezi mitano anaona haya ya nini?

Siku ya tatu baada ya harusi wifi alikuja kunitembelea. Alipofika mlangoni na mwanga ukampiga mtoto, niliona jicho lile limeingia ukungu, kama kioo kilichopuliziwa pumzi. Kesho yake alfajiri tuliondoka, wifi, mtoto, Filemoni na mimi. Fungate tuliyoipanga ilikuwa Musoma, siku tatu za kutazama ziwa. Tukaipitiliza mpaka Mwanza, kwa daktari wa macho. Ndani ya basi Filemoni alimfunika mtoto kwa koti lake la harusi jua lisimfikie, na njia nzima hakuubadilisha mkono uliomshika. Hapo, kaka, ndipo nilipoolewa mara ya pili.

Daktari ni mama mfupi, mkali, mwenye vidole vyepesi. Alipoona kadi ya kliniki ina majina matatu, mawili yamekatwa, tukadhani atatugombeza. Kumbe alifurahi, maana kila jina lilikuwa na tarehe yake, akajua machozi yalianza lini. Alisema si jina na si vumbi. Maji ya ndani ya jicho yamekosa njia ya kutokea, yanalisukuma jicho linatanuka, na presha hiyo inaua mshipa wa kuonea. Alisema watoto wengi hutoka machozi na tongotongo, na wengi hupona kabla ya kutimiza mwaka kwa kusafishwa na kukandwa kama zahanati inavyofundisha. Lakini anayekimbia mwanga, au mwenye ukungu jichoni, au ambaye jicho moja linalipita jingine kwa ukubwa, huyo hangojwi hata wiki.

Alipasuliwa Alhamisi. Siku ya nane daktari aliliziba jicho la kulia kwa kiganja, Filemoni akapitisha kitambaa chekundu upande wa kushoto. Mtoto akakifuata, akakikamata, akakitia mdomoni! Nilipiga vigelegele mle mle wodini, muuguzi akanitoa nje, nikaendelea huko huko nje. Presha imeshuka. Daktari ametuonya kwamba kilichokufa hakirudi, na turudi kila miezi mitatu bila kukosa.

Sasa kaka, kaa chini. Karatasi ya kutupeleka Mwanza haikuandikwa siku ile ya ukungu. Iliandikwa siku kumi na moja kabla ya harusi. Wifi alikuwa na malaria, nikampeleka mtoto zahanati peke yangu, na mganga akanipa karatasi mkononi akisema twende wiki hiyo hiyo. Nikaikunja, nikaiweka sandukuni chini ya khanga. Nyumbani nikasema tumepewa tyubu nyingine. Niliahirisha jicho la mtoto wako ili nisiahirishe gauni.

Usiku ule wa siku ya ukungu nilimpa Filemoni karatasi, naye alipoisoma akasema tuondoke alfajiri, kukasirika atakasirikia njiani. Na kweli alikasirika, kuanzia Tarime mpaka karibu na Mwanza. Daktari alipoiona tarehe na kuuliza siku kumi na nne tulikuwa wapi, nilisema tulikosa usafiri, na wifi, ambaye siku hizo alikuwa kitandani na malaria, akaitikia kwa kichwa kwa kuwa ananiamini. Sikuthubutu kuuliza siku hizo zimekula kiasi gani cha jicho.

Jana nilimweleza wifi yote. Alimchukua mtoto akaondoka. Leo asubuhi amemrudisha nimtie dawa saa yake, akaniambia yeye hajui kusoma, ndiyo maana karatasi ile niliishika mimi, basi na hii ya kwako niiandike mimi, kwa mkono wangu, bila kupunguza. Sikupunguza.

Mama anakusalimu, anasisitiza mtoto ni Mokami kwa kuwa machozi yamekauka. Wifi anasema ni Neema. Utaamua wewe baba yake. Filemoni anakuamkia, na amekuwekea sururu mpya.

Usihame tena shimo, tafadhali. Kabla ya mwezi huu kwisha tutakuja huko sote, wifi, mtoto, mume wangu na mimi. Mimi unigombeze utakavyo, nitasimama nisikie. Ila kwanza simama upande wa kushoto wa binti yako, usiseme neno, umnyooshee kidole tu akikamate.

Mdogo wako,
Efrazia