Mkanda Uliolala na Tindikali

Kwa Kaka yangu Tak Chun-seop, Yeosu.

Shikamoo Kaka. Baridi ya huku kisiwani mwaka huu inauma mpaka kwenye fizi, na sijui huko kwenu mnaionaje. Naomba barua hii ikukute umepona kile kifua, na shemeji bado anakulazimisha kunywa tangawizi hata ukigoma. Watoto nao wawe wanasoma, si kucheza tu na simu. Mimi niko hai, ndilo la kwanza kulisema.

Utanisamehe mwandiko. Mtulinga wangu wa kulia umevunjika, mkono umefungwa kifuani, kwa hiyo naandika kwa kushoto kama mtoto wa darasa la kwanza. Pengine habari zimekufikia kwa upande mmoja. Nakuomba usome upande wangu mpaka mwisho, hata ukifika mahali pa kukasirika.

Mwezi wa tisa, kabla nyavu za mwani hazijatandazwa, Ma Pil-gu aliniletea mashine ya boti lake nimbadilishie mkanda wa taimingi. Wewe hujashika spana maishani mwako, basi nikueleze kwa ufupi. Ni mkanda wa mpira wenye meno, unakaa ndani ya kofia ya mashine, na kazi yake ni kuzifanya vali na pistoni zifuate mdundo mmoja. Ukikatika mashine iko kasi, vali na pistoni hugongana na mashine hufa papo hapo. Mkanda mpya unatakiwa ufike saa elfu moja za kazi. Huu niliutoa kwenye pakiti yake Pil-gu akiwa amesimama hapo hapo, anatafuna ngisi mkavu. Ulikatika kabla haujamaliza saa mia mbili.

Na ulichagua mahali pa kukatikia. Unaujua mkondo wa upande wa kusini. Maji yakianza kutoka huvuta kama fahali aliyekata kamba. Pil-gu na mdogo wake Dong-su walikuwa katikati ya shamba la mwani, baina ya nguzo za kufungia nyavu. Mashine ikalia mara moja, chuma kikatafuna chuma, halafu kimya. Boti likageuka ubavu na kubebwa juu ya nguzo za mianzi. Moja ilikuwa imevunjika ikabaki ncha. Ilimwingia Dong-su pajani ikatokea upande wa pili, na mkondo ukaendelea kulivuta boti naye amechomekwa hapo. Pil-gu aliukata mwanzi kwa kisu cha kuvunia, huku akipiga mayowe yaliyosikika hadi gatini. Hospitalini Mokpo, ng'ambo, madaktari waliuondoa mguu juu ya goti.

Damu ya Dong-su haijakauka kwenye mbao, Pil-gu akaja karakana kwangu na binamu zake wawili, mkononi ana upondo wenye ndoana ya chuma. Hakubisha hodi. Aliniita fundi wa mikanda ya jalalani, akasema nimechukua bei ya mpya nikamfungia mzee, nimeuza mguu wa mdogo wake. Nilipofungua mdomo kumjibu, upondo ukanishukia begani. Kaka, nilisikia mfupa kabla sijasikia maumivu. Binamu mmoja akanikalia kifuani, mwingine akaangusha rafu zote, plagi zikatawanyika sakafuni kama njugu. Sikukubali kupigwa kama zulia. Nilipapasa nikapata spana namba kumi na tisa, nikamtandika nayo Pil-gu mdomoni alipoinama kunitemea mate. Meno yake matatu yalitoka. Moja nililikuta kesho yake ndani ya kopo la grisi.

Kabla hawajaondoka waliishusha ile mashine mfu kwenye toroli wakaibwaga miguuni pangu. Pil-gu, mdomo umejaa damu, akaniambia, “Haya fundi, kula! Tafuna chuma chako mpaka ushibe!”

Kijiji kiliamua siku hiyo hiyo. Wanawake waliokuwa wakinipa kimchi ya kabichi kila wanapofungua mtungi walianza kuvuka barabara wakiniona. Mama Noh, mwenyekiti wa ushirika, aliniletea supu ya chaza, lakini hakukaa. Aliniambia, “Chun-bae mwanangu, kura za bahari zinakuja, na watu wanasema jina lako lisitiwe kwenye kibuyu. Nimewatuliza, wamegoma. Kama una la kusema, liwe na miguu ya kusimama.”

Unajua maana yake. Jina lisipoingia kwenye kibuyu sipati kipande cha bahari, na asiye na kipande cha bahari hapa ni mgeni. Nani atampelekea mgeni mashine yake? Wewe ulisomeshwa kwa mwani wa baba, mimi nikabaki kuuvuna. Karakana hii niliianza kwa benchi la mbao za boti bovu na spana nne, moja yake imepinda. Sikumwomba mtu. Leo nifutwe kwa mkanda?

Basi nikaifungua ile mashine waliyonitupia, kwa mkono mmoja, boliti nikizibana kwa magoti. Mpira haukuwa umechakaa, Kaka. Ulikuwa umeungua. Meno yalimong'onyoka vidoleni kama keki ya mchele iliyokauka, nyuzi za ndani zikawa wazi. Alumini ilikuwa imeota ukoga mweupe, na shaba imekuwa kijani. Nikaingiza pua ndani ya kofia, machozi yakanitoka. Chumvi ya bahari haifanyi hivyo hata kwa miaka kumi. Hiyo ni tindikali.

Kuoshea nyavu, ushirika hutugawia dawa laini. Tindikali ya viwandani imekatazwa maana inaua kila kilicho chini ya maji, lakini inaosha mara moja na mwani unatoka mweusi unang'aa, kwa hiyo wapo wanaoitumia kwa siri. Doria hupekua tumbo la boti. Pil-gu akajiona mjanja: mapipa akayaweka nyuma, ubavuni mwa mashine, akavifunika vyote pamoja kwa ule mfarishi mzito tunaofunikia mashine zisigande. Askari gani atafunua mfarishi wa mashine kwenye baridi hii? Hakuna. Mkanda wangu ukawa unalala kitanda kimoja na tindikali tangu baridi ianze, unavuta mvuke wake kila usiku.

Hayo ya mfarishi alinithibitishia Dong-su mwenyewe. Nilivuka hadi Mokpo na uji wa chaza. Bakuli alinirushia usoni, nina alama ya kuungua shingoni. Sikuondoka. Nilimtandikia ule mkanda kwenye shuka, pale ambapo mguu ungekuwa, nikamwambia aushike. Aliushika, ukamvunjikia. Akacheka kicheko kibaya, kisha akalia, kisha akasema yote. Alisema na jambo jingine, nitalifikia.

Siku ya mkutano wa ushirika nilimwaga vitu mezani: mkanda, kofia ya mashine, na mfarishi niliouchukua botini. Nikasema kila mtu aje anuse. Wazee walinusa, wakakohoa, wakamgeukia Pil-gu. Yeye, badala ya kujibu, aliipindua meza, akanyakua birika lililokuwa likichemka juu ya jiko akalivurumisha kwangu. Nilikwepa. Maji yakampata Mama Noh mkononi, ngozi ikavimba pale pale. Pil-gu akanirukia na kunikaba, kidole gumba chake kikichimba mfupa wangu uliovunjika, nikaona giza. Kilichoniokoa ni Mama Noh. Kwa mkono ule mzima alimpasulia kibuyu cha kura kichwani, akisema, “Mguu wa mdogo wako umeukata mwenyewe, mbwa wewe!” Wanawake wengine wakamalizia kwa viatu vya mpira. Askari wa pwani walipofika, ilibidi wamwokoe yeye. Jina langu limerudi kwenye kura, na mwaka huu zitapigwa ndani ya sufuria ya wali.

Sasa lile jingine. Dong-su aliniambia mapipa ya tindikali yanatoka yadini kwako Yeosu, kwa lori lako, na hii ni baridi ya pili. Hilo, Kaka, ningelimeza. Ningekupigia simu, tungegombana, tungenyamaza. Lakini aliniambia pia kwamba usiku ule wa mguu, Pil-gu alikupigia kutoka ukumbi wa hospitali, simu iko kwenye spika, mlango wa chumba cha mgonjwa uko wazi. Na wewe ndiye uliyempa maneno. Ulimwambia, “Sema mkanda ulikuwa mbovu. Chun-bae ana mgongo wa punda, abebeshwe tu, hatasema.” Nilimtaka ayarudie, akayarudia vile vile. Punda, Kaka. Ni baba peke yake aliyeniita hivyo, ndani ya nyumba, kwa mapenzi. Dong-su angelitoa wapi?

Jana askari wa pwani aliniuliza tena mapipa yalitoka wapi. Nilivuta sigara nzima kwanza. Kisha nikamtajia jina lako, nikamwelekeza yadi ilipo, nikampa na namba ya lori.

Barua hii inavuka kwa boti la asubuhi na askari wanakuja kwako kwa gari kutoka Mokpo, sijui nani atatangulia. Ikitangulia barua, nenda kituoni kwa miguu yako, itakusaidia. Lori liuze umnunulie Dong-su mguu, na usichague wa bei rahisi, huchubua. Mahabusu hamna joto, vaa soksi mbili. Shemeji na watoto waje huku mwaka mpya. Chumba cha ndani kipo, jiko la chini ya sakafu nitaliwasha, na mwani upo wa kula.

Wasalimie wote nyumbani, mmoja mmoja kwa jina. Na shemeji umwambie wazi kwamba aliyekutaja ni mimi, asije akamchukia mtu mwingine bure.

Mdogo wako wa tumbo moja,
Tak Chun-bae