Ukurasa wa Mzee Asiyejua Kusoma

Nkoaranga, 4 Machi 2024

Mjukuu wangu Angel,

Kosa wanalofanya watu wengi wakiandika barua kwa hasira ni kuruka salamu. Wanaingia kwenye shauri moja kwa moja, na anayesoma akiona hajasalimiwa anaacha kusikiliza kabla hajafika mstari wa tatu. Mimi sitaki uache kusikiliza. Kwa hiyo, hujambo? Kifua kimepona? Chumba chako cha Lemara bado kinavuja? Sisi huku hatujambo. Mvua zimewahi, na baba yako mdogo Nelson atakuletea barua hii pamoja na ndizi.

Sasa shauri. Jumapili baada ya ibada mchungaji aliniita ofisini akanikabidhi kifurushi kutoka kwa Wakristo wa ng'ambo. Ndani mlikuwa na miwani ya kusomea na kitabu cha kuwafundisha watu wazima kusoma. Ukurasa wa kwanza una picha ya andazi na herufi A. Mchungaji hakuniangalia usoni. "Mwalimu," alisema, "sijui niseme nini. Wamekuona kwenye tovuti."

Nelson alinifungulia tovuti hiyo kwenye simu yake. Ni ile ya mradi wako wa chuo. Pichani nimekaa mlangoni mwa jiko la zamani la kuni, ingawa nyumba niliyoijenga iko nyuma ya mpiga picha. Sina miwani. Uliniambia niivue kwa sababu inarudisha mwanga, nami nikakubali, maana wewe ndiye unayesomea mambo ya picha. Chini imeandikwa: "Mzee Sifaeli hajawahi kushika kalamu."

Nimefundisha Kiswahili na jiografia miaka thelathini na moja. Nusu ya wanaume wa usharika huu wamechanganua sentensi mbele ya ubao wangu. Nieleze, mama, nipate kuelewa.

Babu yako,
Sifaeli


Lemara, 9 Machi 2024

Babu, shikamoo.

Kifua kimepona. Ndizi nimezipata, na wenzangu wa chumbani wamezimaliza kabla sijapata hata mbili. Wanakusalimu.

Babu, chuoni kila mwanafunzi lazima atengeneze tovuti ya mteja wa kweli. Mimi nilichagua kikundi chenu cha kahawa. Mara ya kwanza niliandika ukweli wote: mwalimu mstaafu, sola juu ya bati, mjukuu chuoni. Mkufunzi alisoma akasema, "Huyu mzee hana shida yoyote. Mgeni akifungua hapa atampongeza, kisha ataondoka." Akanirudishia, nikaandika upya. Nilipata alama ya juu kuliko darasa zima, na kampuni moja ya mjini inayouza kahawa nje ikaipenda ile tovuti. Mwaka jana kikundi kizima mliuza kwa bei ambayo hamjawahi kuiona. Uliniuliza imepandaje, nikakwambia ni teknolojia. Ni ile sentensi, Babu. Hakuna anayenunua kahawa ya mwalimu mwenye sola.

Halafu yule si wewe hasa, ni mhusika tu. Usininunie jamani.

Mjukuu wako,
Angel


Nkoaranga, 15 Machi 2024

Mjukuu wangu,

Marahaba. Nafurahi kifua kimepona, na salamu za wenzako nimezipokea. Sijanuna. Mtu aliyenuna haandiki.

Nikueleze jambo moja kuhusu kazi unayosomea. Watu husema picha zinadanganya. Picha yako haikudanganya: imeonyesha mzee asiye na miwani, na ni kweli sikuwa nayo. Uongo uko kwenye maneno, na maneno hayakuandikwa na kamera.

Hata hivyo hilo ningelimeza. Lakini mara ya kwanza Nelson alikuwa anapitisha ukurasa haraka, na sasa nimejua kwa nini. Nimeusoma mwenyewe mpaka chini. Kuna sentensi hii: "Mke wake, Tabea, alifariki bila kujua kuandika jina lake."

Angel, bibi yako alikuwa katibu wa umoja wa wanawake usharikani mpaka alipougua. Wewe ulijua kusoma kabla hujaanza shule kwa sababu alikupakata pale mezani, akakuonyesha herufi kwa kidole. Mimi nipo. Mtu akiniambia sijui kusoma, naweza kumsomea akasikia. Tabea hawezi kutoka kaburini kumsahihisha mtu.

Yangu yaache kama kikundi kinayahitaji. Sentensi ya bibi yako ifute.

Babu yako,
Sifaeli


Lemara, 2 Mei 2024

Babu, shikamoo.

Unisamehe kwa kimya, nilikuwa kwenye mitihani. Vipi mgongo? Baba mdogo anasema bado unapanda mwenyewe juu ya bati kufuta sola. Acha hiyo kazi, Babu.

Kuhusu Bibi, tovuti haiko mikononi mwangu. Nilipoikabidhi kwa kampuni walibadilisha nywila, siwezi kugusa hata nukta. Lakini wamenichukua fildi, nifanye mazoezi ya kazi kwao, na wakiridhika nami wataniajiri. Katika darasa letu hakuna mwingine aliyepata nafasi.

Jumamosi ijayo wanaleta wanunuzi kutoka nje waje kumwona Mzee Sifaeli. Nakuomba uvae lile koti la shambani, ukae pale jikoni, uwasalimie kwa Kimeru, nami nitatafsiri. Ni saa moja tu. Baba mdogo amekubali, kikundi kimekubali. Nikiajiriwa nitapewa nywila, na jambo la kwanza nitakalofanya ni la Bibi. Nakuahidi.

Mjukuu wako,
Angel


Lemara, 20 Mei 2024

Babu, shikamoo.

Natumaini mzima, ingawa sijui kama utaifungua barua hii baada ya jinsi tulivyoagana.

Nimekaa nikiikumbuka ile Jumamosi. Ulitoka umevaa ile suti uliyoivaa kwenye kipaimara changu, miwani usoni, ukawaambia kwa Kiingereza kwamba wewe ni mwalimu mstaafu na waulize lolote. Yule mama mgeni alifurahi kweli, mkaanza kuzungumzia mito ya kwao. Baba mdogo alikuwa ameinamisha kichwa. Mimi nilisimama pale sina cha kutafsiri.

Bosi hakugomba. Kwenye gari alisema tu, "Tafuta mzee mwingine." Nimempata Mzee Eliud, amekubali bila maneno mengi. Na mimi wameniajiri, Babu. Nywila ninayo. Sura yako nimeiondoa na jina lako nimeliondoa. Hakuna tena atakayesema hujui kusoma. Naona sasa hatudaiani.

Mjukuu wako,
Angel


Nkoaranga, 27 Mei 2024

Angel,

Marahaba. Mimi mzima, mgongo unaendelea. Hongera kwa kazi. Nakupongeza kwa moyo, kwa sababu najua ulivyoihangaikia.

Huku watu wa kikundi wakifika getini kwangu hawapigi hodi, wanapita. Wanaogopa nitawaharibia bei. Eliud peke yake amekuja. "Mwalimu, usinichukie," alisema, "nina watoto shuleni." Simchukii. Huyu ndiye anayetusomea somo la kwanza kanisani, na kwa wageni ameshakuwa mtu asiyejua kusoma. Anajua anachokiuza. Nimemkaribisha chai, akanywa.

Kisha nikaufungua ukurasa. Kazi yako ni safi. Uso ni wa Eliud, jina ni la Eliud. Ukishuka chini, imeandikwa: "Mke wake, Tabea, alifariki bila kujua kuandika jina lake."

Sasa bibi yako ni mke wa Eliud. Mke wake hasa, Catherine, yuko Maji ya Chai anauza mboga, na wenzake wanampa pole ya kufa. Alinikuta barabarani akanitania, "Mwalimu, mkeo amehamia kwetu bila mahari." Yeye alicheka. Mimi nilishindwa.

Uliahidi lingekuwa jambo la kwanza. Ungeniambia bosi amekukataza, ningekuelewa, maana kazi ni kazi. Lakini hakuna aliyekukataza. Ulikuwa na nywila, ukapita juu ya jina lake ukienda kubadilisha langu, na hukumwona. Nimelifikiria hilo tangu nifungue ukurasa, na sijapata namna ya kulieleza, mimi niliyezoea kueleza kila kitu.

Sikuombi uache kazi. Sikuombi uandike kwamba alikuwa katibu, wala kwamba ndiye aliyekufundisha herufi. Usije kuniomba radhi, na barua hii usiijibu.

Fungua ukurasa huo leo, ufute jina la Tabea.

Babu yako,
Sifaeli