Koti Juu ya Kiti cha Mulinzi

Rumonge, siku ya Alhamisi

Mama yangu mupenzi,

Amahoro? Mguu wako umepoa? Na shangazi, ile homa imemwacha? Sisi huku tuko wazima. Furaha ametoa jino la kwanza, ndiyo maana mwandiko wangu umelala hivi: mutoto hajanipa usingizi wiki nzima. Milima ya kwetu naiona kila asubuhi ng'ambo ya ziwa. Naiangalia kidogo, kisha naingia kazini.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Unasema niache kazi, nivuke nirudi kwetu Baraka, eti kazi gani hiyo ya kukaa kuangalia mashine wakati watu wanapigana. Mama, sikuvunjii heshima. Lakini acha nikueleze yaliyotokea Jumanne, halafu uniambie.

Katika biro, ofisi yetu ya dawa, iko mashine moja kubwa ya kompyuta, na ndani yake kuna programu tunayoiita mulinzi. Kila baada ya dakika chache inaita kwa redio mashine za vituo vyetu vya dawa, Gitaza na Nyanza-Lac. Kituo kikijibu, kwenye kioo kinaonekana kijani. Kikinyamaza, kinakuwa chekundu, na kamyo ya dawa haiendi, kwa sababu pengine watu wa kituo wamekimbia. Kumulinda huyo mulinzi ndiyo kazi yangu.

Jumatatu mchana risasi zililia mlimani. Papa Juma, sentineli wetu wa getini, akakata jenereta palepale, kama tunavyofanya sote huku, ili mlio usituite maadui. Tukalala chini mpaka kukatulia. Asubuhi yake umeme ukawashwa, na kioo kikawa kijani kitupu. Shefu, mukubwa wetu wa kazi, akafurahi. Papa Saidi dereva alikuwa ameshawasha kamyo, na Consolata, nesi wetu, amekaa mbele na sanduku la chanjo mapajani.

Mimi nikaangalia saa iliyo pembeni ya kioo, ile inayoonyesha mulinzi aliita vituo lini mara ya mwisho. Ilikuwa saa ya jana.

"Shefu, kamyo isitoke."

"Mama Furaha, kijani ni kijani."

"Hii ni kijani ya jana. Mulinzi amekufa na jenereta. Nipe muda."

Akaangalia saa yake. "Dawa zinangojewa."

"Na Consolata je, hangojewi kwao?"

Akaenda kusimama mlangoni. Nikafunga Furaha mgongoni, nikafungua ule ukurasa mweusi unaoandikia amri kwa mkono, bila picha. Nikaandika: anza. Mashine ikakataa, ikasema mulinzi yuko kazini tayari. Nikaandika tena, jibu lile lile. Nikaomba orodha ya kazi zote zinazoendelea ndani yake. Nikaisoma kwa kidole mstari kwa mstari. Mulinzi hayumo! Nje Papa Saidi anapiga honi.

Nikainua macho dirishani. Unajua Papa Juma akienda kunywa chai anaacha koti lake kwenye kiti cha getini, wapita njia wadhani yupo. Ofisi nzima tunamucheka: "Leo koti ndilo linalinda." Nililiona lile koti na kiti hakina mutu, nikaelewa. Mulinzi akianza kazi anaandika namba yake katika faili ndogo. Akiagwa vizuri, yaani akizimwa kwa amri, anaifuta. Jana hakuagwa, alikatwa. Namba ikabaki, na mashine inaliheshimu koti!

Nikaifungua ile faili, nikauliza mashine: mwenye namba hii ni nani? Hakuna. Kaye yangu, daftari la mafunzo, inasema usifute kitu usichokielewa. Lakini hiki nilikielewa. Nikafuta. Nikaandika: anza.

Ikaanza. Gitaza, kijani. Nyanza-Lac, chekundu.

Shefu akaita kwa sauti kwenye redio, mara nyingi. Kimya. Akatoka mwenyewe kumuambia Papa Saidi azime.

Karibu na adhuhuri mtumbwi ulifika na watu wa kituo cha Nyanza-Lac, miguu mitupu. Wenye silaha walikuwa wamekaa barabarani tangu alfajiri, pale pale ambapo kamyo ingepita. Consolata alinijia. Alinifungua kitenge, akamuchukua Furaha, akamushika mpaka akalala.

Sasa nimeandika katika kaye: kila asubuhi, kabla ya kuamini rangi, angalia saa, kisha angalia kama mwenye namba yupo. Papa Juma tumemuambia aende na koti lake. Amejibu, "Na kiti kikipata baridi?" Muzee huyo!

Basi Mama, usinikasirikie. Vita vikituruhusu nitakuja na mjukuu wako umuone jino. Kwa leo siji.

Nisalimie dada yangu mukubwa, yaya Neema, na watoto wake, baba mudogo fundi wa nyavu, na jirani aliyenifundisha kusoma. Murakoze, asante kwa unga, ulifika mukavu. Barua hii anakuletea mama muuza ndagala. Mupe maji ya kunywa.

Na wakikuuliza binti yako anafanya nini huku, waambie amekaa kwenye kiti. Yeye mwenyewe, si koti lake.

Binti yako,
Riziki, Mama Furaha