Siku Saba za Kuhesabu Malori

Tarehe 4 Februari

Kaka,

Pokea salamu za nyumbani. Sisi wazima, isipokuwa mama, ila usishtuke, yuko hai na anagomba kama kawaida. Juzi alipokuwa anavuka barabara kwenda zahanati kupima presha, lori la machimboni lilimkwangua bega kwa kioo cha pembeni. Akaangukia mtaroni. Mfupa haukuvunjika, lakini peke yake havuki tena. Nafunga cherehani, namshika kiuno, naye anafumba macho. Siku moja lori litatubeba wote wawili.

Tumeomba matuta ya barabarani. Mwenyekiti wa kijiji anasema washauri elekezi walishachunguza wakakuta malori thelathini tu kwa siku, kwa hiyo matuta hayahitajiki. Eti tukibisha, watalipwa waje kuchunguza tena, kwa pesa zile zile za matuta! Kaka, mimi nashona hatua nne kutoka barabarani. Thelathini hupita kabla sijamaliza shati moja.

Mkutano wa kijiji ni tarehe 10 Machi. Wewe unayeshinda na lami kwenye ujenzi wa barabara, tuseme nini?

Mdogo wako

Tarehe 14 Februari

Mdogo wangu,

Natumaini bega la mama limepoa. Mpe pole, mwambie asinifiche kama linauma. Mimi mzima, ni mgongo tu. Jua juu, lami ya moto chini, soli za viatu zimeyeyuka. Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili nimekaa chini.

Sasa nikwambie jambo ambalo sijamwambia mtu. Mwaka juzi washauri kama hao walinikodi nihesabu magari kwenye barabara moja ya huku. Walinipa kiti, mwavuli na karatasi zenye visanduku. Kila gari mstari mmoja, siku saba. Siku ya kwanza nilihesabu kweli. Siku ya pili nilikuwa hoi, nikalala. Zilizobaki nilijaza kutoka kichwani. Wakapokea, wakagonga muhuri, hakuna aliyeniuliza kitu. Sijui nani amegongwa pale tangu siku hiyo, na naogopa kuuliza.

Kwa hiyo nawajua wanaobuni. Mtu anayebuni huogopa kuandika namba kubwa, na huogopa zaidi kuandika sifuri. Omba ripoti, fungua kurasa za mwisho zenye majedwali, tazama Jumapili, machimbo yakiwa yamefungwa. Kama malori ni yale yale, basi mwenzangu naye alilala.

Halafu hesabuni wenyewe siku saba, alfajiri mpaka jioni, wawili wawili, na mtu wa upande wa mwenyekiti awemo. Msibuni hata moja. Ukienda chooni, mwachie mwenzako karatasi.

Kaka yako

Tarehe 26 Februari

Kaka,

Vipi mgongo? Huku tunapumua.

Karani wa kijiji alinizungusha asubuhi tatu. "Dada, hii ni ya wataalamu, hutaielewa." Nikamwambia, "Nipe tu baba, niisome hivyo hivyo bila kuielewa." Kwenye jedwali, Jumapili: malori thelathini na moja! Geti la machimbo Jumapili lina mnyororo, hata mbuzi hapenyi.

Tumemaliza kuhesabu. Nilikaa zamu na shemeji yake mwenyekiti. Asubuhi alikuwa ananicheka. Mchana ananigombeza, "Andika, dada, hilo la bluu umeliruka!" Jumatatu malori mia mbili na kumi na manne. Jumapili sifuri.

Lakini watasema hizi ni hesabu za washona nguo. Nikisoma barua yako mkutanoni wataamini. Ila kijiji kizima kitajua ulilala kazini, na maneno yatamfikia nyapara wako. Nifanyeje?

Mdogo wako

Tarehe 2 Machi

Mdogo wangu,

Salamu kwa wote. Isome. Hata pale pa kulala. Usipunguze neno.

Kaka yako

Tarehe 11 Machi

Kaka, kaka, kaka!

U mzima? Sisi wazima kuliko juzi!

Mshauri alikuja na tai na kompyuta, akasema hesabu zetu si za kitaalamu. Nikasimama nikasoma barua yako. Nilipofika pale ulipolala, watu wakaguna. Mwenyekiti akadakia, "Mnasikia? Mwongo kwa maandishi yake mwenyewe!"

Mara mama huyo, amesimama.

"Ndiyo, alidanganya. Nimemzaa mimi, akirudi nitamchapa. Lakini amekiri mbele ya kijiji kizima. Sasa na wewe mwenye tai, tuambie: Jumapili ile ulihesabu malori ya nani?"

Mshauri akafungua kompyuta, akaifunga. Akasema mtu waliyemkodi huenda "alikadiria". Shemeji yake mwenyekiti akapaza sauti kutoka nyuma, "Mama wa watu hakugongwa na makadirio!" Ukumbi ukapasuka kwa vicheko. Mikono ilipoinuliwa, hata mwenyekiti aliinua wake, nusu. Washauri hawarudi. Matuta matatu yanajengwa, na wamesema msimamizi uwe wewe.

Mdogo wako mwenye sauti iliyokauka

Tarehe 19 Machi

Mdogo wangu,

Salamu kwako na kwa huyo wakili wetu aliyenizaa. Barua yako niliisomea kwenye foleni ya chakula, nikacheka peke yangu, wenzangu wakadhani jua limenipanda kichwani.

Nyapara nilimwambia mwenyewe kabla hajasikia kwa wengine. Kisha akasema, "Hata mimi nilishawahi." Kanipa siku kumi.

Nakuja Jumamosi. Kokoto ziwe safi, zisichanganyike na udongo. Tutajenga matuta mapana. Tuta likiwa jembamba dereva huliruka.

Kaka yako

Tarehe 22 Aprili

Kaka,

Natumaini ulifika salama na mgongo haujakulaumu sana kwa siku kumi zile. Huku hakuna aliyegongwa, hata kuku.

Leo asubuhi nilikuwa natia uzi kwenye sindano, nikasikia honi. Kuinua macho, mama yuko katikati ya barabara, peke yake, hakuniaga. Anatembea taratibu, macho kayafumbua yote mawili. Nyuma ya tuta malori matano yamesimama. Dereva wa mbele akachomoa kichwa dirishani, "Bibi, tuna haraka!"

Mama akasimama pale pale, akamwinulia kiganja. "Subiri, mwanangu. Nina presha."

Mdogo wako