Kwa Mama wa Kabazi, Kabla Hatujahama Tena

Mama,

Ng'ombe wako amezaa. Naanza na hiyo kwa sababu najua ndiyo ungeniuliza kwanza, hata kabla hujauliza kama watoto wamekula. Ni ndama jike, mweusi, ana doa jeupe kwa paji la uso, na tayari ni mkaidi kama mamake. Mama Njeri wa hapo ng'ambo ya ua ndiye alimzalisha, maana mwanao, bwanangu, alikuja kutoka Nairobi na viatu vyake vya ofisi, akasimama mlangoni kwa zizi akisema "pole, pole" mpaka Mama Njeri akamfukuza aende akachemshe maji. Tulicheka, Mama. Ilikuwa mara ya kwanza tangu tukuzike, na nikaona haya kidogo, halafu nikakumbuka wewe ungecheka kutushinda sisi wote.

Nimekaa jikoni kwako. Ni Jumamosi, watoto wako nje, na mvua imekataa kunyesha vizuri ingawa mawingu yamejaa upande wa Subukia. Nakuandikia kwa sababu nina jambo la kuamua, na wewe ndiye nilizoea kuuliza.

Mwanao amepangiwa ubalozi mwingine. Ni mbali kuliko Stockholm tulikokuwa, na ni miaka minne. Ameniambia niamue mimi. Nikikubali tunaenda wote, nikikataa anaenda peke yake, sisi tunabaki Nakuru na yeye anakuja likizo. Kesho tukitoka kanisani anataka jibu. Kamau anaruka tu, anauliza kama huko kuna theluji. Lakini Wangari amekataa kabisa. Ameniambia, "Mum, mi siendi," akaingia chumbani akafunga mlango. Na mimi mwenyewe, Mama, naogopa. Wewe unajua ni kwa nini.

Ndiyo maana leo nataka nikushukuru kwa urefu. Nilikuwa nakuambia asante kila siku, asante ya chai, asante ya kubeba mtoto. Hii ni ile nyingine.

Mimi ni mtoto wa Bondeni, hapo Nakuru mjini. Kwa ploti yetu, mlango kwa mlango, ukikohoa, asubuhi jirani anakuuliza kama umepata dawa. Redio ya Baba Otieno ndiyo ilikuwa inatuamsha twende shule, na mboga ya mamangu ikiungua, watu wa milango yote walikuwa wanapiga kelele pamoja. Basi nikaolewa na mwanao, akapata kazi ya ubalozi, na watu wa kwetu wakafikiri sasa ni kunywa chai na malkia. Hakuna mtu alituambia vile inakuwa. Mume anaenda ofisini, huko ana watu wake. Mtoto anaenda shule, huko ana watu wake. Mke anabaki na friji.

Kwa ile nyumba ya ghorofa ya Stockholm ukimsalimia mtu ndani ya lifti anaangalia viatu vyake. Si ubaya, ni vile wamezoea, lakini mimi sikujua. Miezi ya baridi jua lilikuwa linazama Wangari akiwa bado shuleni. Halafu nikamzaa Kamau, na baada ya hapo nikashindwa kabisa. Baba Wangari alikuwa ananiacha kitandani na kunikuta kitandani. Nilikuwa namnyonyesha mtoto huku nalia, na ungeniuliza nalia nini singekuambia, kwa sababu sikujua. Wangari alikuwa darasa la kwanza, akijipakia mkate mwenyewe.

Ndipo ukaja. Ulikuja kuosha mtoto na kunitunza mzazi, vile mama mkwe hufanya, na unga wako wa wimbi kwenye sanduku na ile kofia ya kanisa kichwani. Siku za kwanza ulinyamaza ukiangalia. Mimi nikafikiri umekasirika na mimi, bibi gani huyu amelala. Halafu asubuhi moja ukaja ukavuta blanketi.

"Mama Wangari, amka. Kuna watu huku nje."

Nikakuambia hakuna watu. Hii si Kabazi, hapa hakuna watu. Ukasimama kwa dirisha ukahesabu zile taa za madirisha ya majirani, ukageuka ukaniuliza kwa mshangao wa kweli, "Nyumba yote ndefu hivi? Na wanaoshea nguo wapi?"

Nilikuambia. Kuna chumba huko chini kabisa, kina mashini, na kila nyumba ina zamu yake imeandikwa ukutani. Zamu ya mtu ikifika, mwingine haingii. Nilikuelezea hiyo mara mbili, taratibu, kwa sababu nilikuwa nakujua. Ukasema sawa, umeelewa.

Ati umeelewa! Kesho yake nakutafuta nyumba nzima sikuoni. Nikambeba Kamau, nikashuka chini na kandambili, na kabla sijafungua mlango nikasikia sauti ya mwanamke amekasirika. Alikuwa Birgitta wa mlango wa pili, yule mzee wa nywele fupi ambaye hajawahi kunisalimia. Amekuwa mwekundu, anaonyesha ule ubao wa zamu kwa kidole. Na wewe unamjibu kwa Kikuyu, pole pole, kama unaongea na mtu wa kikundi chenu cha kanisa. Alikuwa ameshika shuka yenye maji. Ukashika upande ule mwingine.

Mama, nilitamani ardhi ipasuke. Nikawaza, sasa bwanangu ataitwa ofisini aelezwe kwamba mamake amenyang'anya raia shuka. Birgitta akavuta. Wewe ukafikiri ameanza kukunja, ukavuta pia, ukaikung'uta vile shuka inakung'utwa, maji yakaturukia sote. Akabaki anakuangalia. Halafu akacheka, kicheko kikavu cha mtu ambaye hajacheka kwa muda. Mkakunja zote, mkienda mbele na kurudi nyuma, na mimi hapo mlangoni nikiomba msamaha kwa Kiingereza mpaka ukaninyamazisha: "Wacha hiyo maneno, leta kikapu."

Wiki iliyofuata mlango wetu uligongwa. Tangu tuhamie hapo haukuwa umegongwa na mtu asiyebeba kifurushi. Alikuwa Birgitta. Alisema zamu yake ni saa hiyo, na je, mama anakuja?

Huko chini ndiko tulimpata Akosua, ambaye mumewe alikuwa ubalozi wa Ghana. Alikuwa anaishi juu yetu kabisa, na nilikuwa nikimwona kwa zile chai za mabibi wa mabalozi, amevaa vizuri, anacheka na kila mtu. Pale tulikuwa tunabandika majina kifuani na kuambiana tuko sawa. Siku ile alishuka na nguo za watoto, ukamwangalia mara moja tu, ukaniambia nimuulize amelala saa ngapi. Akaanza kulia hapo hapo mbele ya mashini. Kumbe miezi yote tulikuwa tunalia ghorofa moja juu ya nyingine.

Basi ndio ukaanzisha zile Alhamisi za jikoni kwetu, chapati na chai ya maziwa. Akosua akaleta mwenzake, huyo akaleta mwingine, wake wa maafisa wa nchi ambazo hata mimi nilikuwa nazisoma tu kwa atlasi ya shule. Hukujua lugha ya hata mmoja wao. Ulikuwa unawapa kazi: wewe sukuma, wewe geuza, wewe shika mtoto. Nakumbuka nikikuambia kwamba kwa mkutano mmoja tulifundishwa kujipa moyo, kila asubuhi ujiambie maneno mazuri kwa kioo. Ulinisikiza mpaka mwisho, halafu ukasema, "Na utajipa moyo gani, na huna? Panda juu uombe wa Akosua. Kesho yeye atashuka aombe wako." Nikapanda, na unga mkononi.

Lakini hata kama nakusifu, Mama, hukuwa malaika, na siwezi kukuandikia kama watu wa mazishi. Ulimwambia Birgitta nyumba yake ni baridi na mtoto wake wa kiume hana adabu kwa kutomtembelea. Mimi nikatafsiri kwamba unapenda mapazia yake. Alifurahi sana, akakuelezea vile aliyashona, na wewe ukatikisa kichwa kwa huruma ukifikiri anakuelezea mambo ya huyo kijana.

Nilimpigia Birgitta simu ulipotuacha. Akaniuliza kama tumekuvalisha ile sweta ya kijani aliyokufumia, nikamwambia ndiyo, hiyo hiyo. Akasema basi ni vizuri, hutahisi baridi. Nililia sana baada ya hiyo simu, lakini haikuwa kama kulia kwa wakati ule. Hii nilijua nalia nini.

Sasa nikuambie ya Wangari.

Asubuhi hii tulikuwa tunachambua maharagwe hapa nje, mimi na yeye tu. Nikamuuliza taratibu kwa nini anakataa. Nilikuwa nimejitayarisha na majibu yangu yote. Angesema shule, ningesema shule ziko. Angesema marafiki, ningesema simu ziko. Hakuinua macho. Aliendelea kutoa mawe kwa maharagwe, akasema, "Si marafiki, Mum. Hao nitapata. Ni wewe."

Nikauliza mimi nimefanya nini.

"Kule ulikuwa unalala mchana wote. Nikitoka shule nilikuwa naweka mkono hapa kwa pua yako nione kama unapumua. Halafu Shosho akakuja akakuamsha. Saa hii Shosho hayuko. Nani atakuamsha?"

Mama. Miaka hii yote nilifikiri alikuwa mdogo, hakuona. Mimi na mwanao tulikuwa tunaambiana hivyo, mtoto hakuona. Nilisema naenda kuangalia ndama, nikaenda nikasimama huko na paji la uso kwa shingo ya ng'ombe wako mpaka akachoka na mimi. Yaani mtoto wa darasa la kwanza, na sare yake, anapima pumzi ya mamake. Uliwahi kumwona akifanya hivyo? Nafikiri ulimwona. Nafikiri ndiyo maana ulivuta ile blanketi kwa nguvu vile.

Niliporudi nilikaa chini karibu naye. Sikumwambia yale majibu yangu. Nilimwambia nilikuwa mgonjwa, na kwamba huo ni ugonjwa, una jina na una daktari, na wakati ule sikujua. Nilimwambia haikuwa kazi yake kunilinda, na haitakuwa. Nikamwambia Shosho aliniamsha ile asubuhi ya kwanza, na nyingine nyingi baada ya hiyo, lakini muda wake wa kukaa uliisha, tukampeleka uwanja wa ndege, na kesho yake nani aliniamsha? Akafikiri. Akasema, "Uliamka mwenyewe. Ulinisuka nywele."

Mimi nilikuwa nimesahau hiyo ya nywele. Yeye anakumbuka mpaka rangi ya kibanio.

Nikamwambia sitamdanganya, giza linaweza kurudi hata tukibaki Nakuru. Likirudi nitamwambia babake siku hiyo hiyo, nitamwambia daktari, na nitamwambia mwanamke wa kwanza nitakayekutana naye kwa ngazi, hata kama ataangalia viatu vyake. Alinyamaza. Jina ni lako, na kunyamaza kwake ni kwako pia, kule kwa kumpima mtu. Mwishowe akasema, "Sawa. Lakini nitakuwa naangalia." Nikamwambia angalia, lakini angalia kama mtoto, usiangalie kama nesi. Akacheka kidogo, akanirushia haragwe bovu.

Kwa hivyo nimeamua, Mama. Tunaenda wote. Baba Wangari bado hajui, nitamwambia kesho, wewe ndiye wa kwanza. Hapa kwako pasikusumbue. Funguo ziko kwa Mama Njeri, na maziwa ya ng'ombe atauza na kunywa yeye, maana siku zile za matanga alikukamulia bila kuulizwa na mtu. Akina mama wa kanisa wamesema kaburi litapaliliwa, na wamenikataza kuwashukuru. Nimewashukuru kwa nguvu.

Sijui huko tunakoenda milango ikoje. Najua tu kwamba kutakuwa na mwanamke mwingine mahali ndani ya hiyo nyumba, amefika kabla yetu au atafika baadaye, anaambia watu yuko sawa. Nitamtafuta. Hilo ni deni lako, na nitalilipa kwa watu ambao hujawahi kuwaona.

Asante, Mama. Asante ya blanketi. Asante ya kutoniuliza kwa nini nimelala, na ya kuja ingawa ndege ilikutisha mpaka ukasali safari yote kwa sauti. Wangari ananiita, chakula kimeiva, nitaacha hapa.

Asubuhi ya kwanza huko kutakuwa na baridi, na nyumba itakuwa kimya, na mimi nitaamka. Wewe lala, Mama. Umetuamsha vya kutosha.

Ni mimi,
Mama Wangari