Kungwi wa Mwanangu Anafundishwa Koma

Shikamoo mshauri. Nakuandikia mbio mbio, usinicheke mwandiko. Nina binti mmoja, Raya, yuko kidato cha pili, na sisi Waluguru binti akivunja ungo tunamweka ndani afundwe, siku hizi tunangoja likizo ili asikose shule, basi nikampandisha Kinole kwa mama yangu nikamkabidhi kwa kungwi Bi Hafidha, mwanamke anayeheshimika mlima mzima, ndiye aliyenifunda hata mimi, nikarudi zangu Mikese kwenye biashara yangu ya mihogo moyo umetulia kabisa.

Juzi nikapanda na mchele wa sherehe, nikapita uani, nikasikia sauti ya mwanangu chumbani inagomba, "Bibi, hapana! Hicho ni kishazi tegemezi, kikitangulia unaweka koma, kikija nyuma huweki!" Mshauri, nilidhani mtoto ana homa. Nikasukuma mlango. Namkuta mwali kakaa juu ya kiti na kungwi kakaa chini kwenye mkeka, kalamu mkononi, anaandika Kiingereza na kuuliza kwa adabu, "Haya mwalimu, na hizi sentensi mbili zinazojitegemea?" Raya anamjibu koma peke yake haitoshi kuziunga, atafute kiunganishi. Ya Rabi! Nimepeleka mtoto afundwe, kumbe yeye ndiye anayemfunda kungwi!

Nikapiga kelele mpaka majirani wakatoka. Bi Hafidha hakukana, alisema tu, "Mimi niliwekwa ndani mwaka wa mtihani, nilipotolewa wenzangu walishamaliza. Novemba nakwenda kuufanya." Nikamwambia nitawatangazia wanawake wote wa ukoo, hakuna atakayempa mwali tena. Hapo Raya akasimama mlangoni akasema, "Mama, ukimtangaza kungwi wangu, mimi Jumamosi sitoki."

Jumamosi hii, mshauri! Wajomba wameshaalikwa, wapiga ngoma wapo njiani, na mwali hatoki! Nimtoe kwa nguvu? Kwani mimi nilikaa ndani mwaka mzima, shule ikanipita, nikaolewa, nikazaa, nimepungukiwa nini?

Mama Raya, Mikese

BI FILOMENA ANAJIBU

Marahaba, Mama Raya. Barua yako nimeitanguliza mbele ya zote kwa sababu ya hiyo Jumamosi. Pole, mshtuko umekupata, hata mimi chai ilinipalia. Sasa kaa nikuseme.

Umesukuma mlango wa mwali? Wewe, mama mzazi, tena uliyefundwa? Hiyo ni aibu kuliko koma zote za Kiingereza, na majirani wameishuhudia. Halafu unamshitaki kungwi. Ni jambo gani la mwali ambalo hakumfundisha Raya? Hujataja hata moja, kwa sababu hukuuliza. Mtoto anayemtetea mkubwa wake mbele ya mama anayefoka, bila kumtukana yeyote, huyo kafundwa. Unataka nini zaidi?

Usimtoe kwa nguvu, utajiaibisha mbele ya wajomba. Panda Kinole kesho asubuhi. Mtake radhi Bi Hafidha mbele ya mama yako. Kisha mwambie Raya kwa kinywa chako kwamba hutamtangaza kungwi wake, na utimize. Majirani wakikuuliza, sema ulikuwa na hasira zako, yaishe. Mwali atatoka na atacheza.

Na shule zikifunguliwa, mpe Raya simu yako jioni ampigie Bi Hafidha wasahihishe mazoezi. Usimnyime vocha.

Umeuliza umepungukiwa nini. Sijui, na wala sikukuuliza mimi. Ninachojua ni kwamba Bi Hafidha alikufungia wewe mlango mwaka mzima huku shule yako inapita, naye alishajua inavyouma. Hakuthubutu kusema. Safari hii amemwachia mwanao vitabu vyake humo ndani. Ukimaliza kumtaka radhi usikimbilie mihogo. Kaa nao kwenye mkeka, umwombe Raya aanze na wewe tangu mwanzo.